Mashini ya Kunda mu Faillite ya Bwana Mashavu

Élisabethville, Cité ya Kenya, tarehe 3 ya mwezi ya tano 1954

Adalbert aliingia ku tribunal! Usishituke, Kunda, hapana kwa kufungwa. Aliingia kazi! Kazi ya kalamu, na kiti, na meza yake peke yake, na dirisha kwa kuangalia bantu bakipita! Ule mutoto yenye ulibeba ku mugongo akikukojolea shati, leo njo anaandika ku tribunal ya bazungu, na bakubwa banasimama kumungojea amalize mustari.

Sasa ngoja nikusalimie, bantu basiseme Clotilde alikomaa bila adabu. Jambo ndugu yangu mudogo. Jambo kwa bibi yako Annie na batoto. Siye hapa tuko bazima. Gérard bwana yangu, goti yake inamusumbua kila mvua, lakini treni haingojei goti, anaenda kazi vile vile. Virginie aling'oka jino, analia sawa balimukata mukono. Kuku yangu ya madoadoa ilitotoa, na mwizi ya jirani (ninamaanisha paka, sisemi muntu) alishakula mbili.

Sasa nirudie kwa mutoto yangu. Kwenye anafanyia kazi banaita greffe. Ni chumba ya kuchunga mikanda, ndio makaratasi yote ya tribunal, makabati kutoka chini mpaka juu. Yeye balimupa kabati ya faillite. Usiseme «faillite ni nini» sawa bantu ya pori, nitakufundisha. Mwenye magazini akishindwa kulipa bale banamudai, sheria inamukataza kukimbia na kujificha. Anapashwa kuenda yeye mwenyewe ku greffe, aseme: nimeanguka. Juge anaandika hukumu, magazini inafungwa na nta nyekundu ku mulango, na banachagua muzungu mungine, jina yake curateur, achunge bintu yote mpaka igawanywe kwa bale banadai. Na hii haiko siri! Banabandika karatasi ku mulango ya tribunal. Muntu yote anaweza kuenda kuuliza dossier, ndio makaratasi ya ule yenye alianguka. Adalbert alinieleza haya yote akila bukari, na mimi nikamuangalia kinywa tu, nikasema, Mungu, hii kichwa ilitoka mu tumbo yangu.

Unajua dossier ya kwanza yenye alipiga na mashini ya kuandika? Ya Bwana Mashavu! Ndiyo, ule Mugiriki ya bilamba, anauzaka nguo pale pembeni ya soko, yenye anatengenezaka gramofoni na mashini ya kushona. Alianguka, maskini. Mulango iko na nta.

Nilikuachia kitambaa nyeupe siku ya Paska, ya shati ya Adalbert. Ushone mbio. Karani ya tribunal hawezi kuvaa shati ya kununua, sawa hana mujomba fundi.

Mimi yaya yako, mama ya karani,
Clotilde


Sakania, tarehe 21 ya mwezi ya tano 1954

Kwa yaya Clotilde,

Jambo yaya, jambo kwa shemeki Gérard, jambo kwa batoto. Tulifurahi sana juu ya Adalbert. Annie alipiga vigelegele mpaka mukubwa ya gare akatoka kuangalia kama treni iligonga ngombe. Batoto beko bazima. Baridi inaanza. Kazi yangu ya kushona inaendelea muzuri, mashini haijambo.

Yaya, kuko kintu moya ndogo. Hapa Sakania niko na rafiki yangu, ni fundi sawa mimi. Yeye aliacha mashini yake kwa Bwana Mashavu kwa kutengeneza, ku Paska. Sasa anauliza, hapana mimi, yeye njo anauliza: ile mashini itapotea? Curateur ataigawanya pamoja na bintu ya Mugiriki? Ukiwa na nafasi umuulize Adalbert. Si lazima mbio. Lakini kama inawezekana, mbio.

Shati inakuya.

Ndugu yako,
Kunda Alexis


Élisabethville, tarehe 29 ya mwezi ya tano 1954

Kunda yangu,

Salamu nyingi, na baridi nyingi pia. Hapa tunalala na makala chini ya kitanda. Virginie kidonda ya jino ilipona, sasa anacheka mbele ya bavijana bote kwa kuonyesha kitundu. Gérard anakusalimia, anasema umuletee tumbako ya ku mupaka.

Barua yako ilifika siku ya posho. Mara moya nikamungojea mutoto yangu ku mulango. Hakuvua kofia bado, nikamuuliza. Kunda, ungemusikia! Akakaa, akakunja mikono sawa juge, akasema: «Mama, kintu yenye muntu aliacha kwa kutengeneza haiko mali ya mwenye magazini. Iko ya mwenyewe. Lakini curateur hawezi kuotea. Akikuta mashini mu magazini, anaandika: mashini. Mwenyewe anapashwa kuleta maombi ku greffe, na jina yake, na alama ya kintu, na muntu yenye aliipeleka. Greffe inapiga cachet, muhuri ya siku. Mwisho ni tarehe 15 ya mwezi ya saba, saa sita. Saa ikipita bila cachet, kesho yake yote inauzwa kwa kelele, nani anatoa zaidi, anabeba.»

Nikamuambia, rudia. Akarudia neno kwa neno. Majirani balisikia, nilikuwa nimefungua dirisha kwa makusudi.

Basi umuambie rafiki yako asilale. Aandike nani aliipeleka pale, na jina gani Mugiriki aliandika mu kitabu yake. Na aje yeye mwenyewe kama anaweza.

Shati iko wapi? Mutoto anavaa ile ya zamani, kola inafanana sikio ya mbuzi.

Yaya yako yenye anakupenda,
Clotilde


Sakania, tarehe 10 ya mwezi ya sita 1954

Yaya,

Jambo. Usikasirike juu ya kukawia. Annie alikuwa na homa, ilishaisha. Shati ndio hii, ninamupatia kondakta, yeye atakuletea. Naomba Adalbert aivae na furaha.

Rafiki yangu anashukuru sana. Anauliza neno moya tu: kama muntu yenye alipeleka mashini kwa Mugiriki hawezi kuja kusema ku greffe, mwenyewe anaweza kusema peke yake? Juu ule muntu... ni vigumu kidogo. Haya inamushika rafiki yangu. Hawezi kumuomba.

Batoto banakusalimia.

Kunda


Élisabethville, tarehe 14 ya mwezi ya sita 1954

Kunda! Wewe mwongo!

Nisikusalimie. Nitakusalimia ku mwisho.

Shati ilifika. Nzuri, sikatai. Adalbert aliivaa, greffier mukubwa akamuuliza nani alishona. Lakini nikaigeuza ndani kwa kuona mishono. Kunda, hii shati haikupita mu mashini! Ni mukono! Kidogo-kidogo, mushono kwa mushono, sawa mama yetu alishonaka kanzu ya bakristu ku misioni. Nikafikiri, nikasema: basi rafiki ya Kunda aliyepoteza mashini anaitwa Kunda. Mu Sakania yote kuko mashini moya, na iko yako! Nani mungine anashona kule? Ule muzee ya gare anafunga ndoano ya samaki tu.

Kwa nini ulinificha? Mimi niko yaya yako. Nilikufuta kamasi.

Sikulala. Asubui nikavaa kitenge ya Noeli, nikaenda ku greffe mimi mwenyewe. Adalbert akaniona, akasimama, akasema: «Mama, hapana.» Nikasema hapana nini? Akanitoa inje, akaniambia pole-pole: «Hii ni kesi ya mujomba yangu. Nikigusa dossier yake, kesho batasema karani anafungulia jamaa yake kabati. Nilishamuambia mukubwa yangu. Mukuka njo atakusaidia.» Nilitaka kumupiga kofi. Kisha nikataka kulia. Mutoto yenye anakataa mama yake mbele ya bantu juu ya sheria! Nikatembea mu baraza nikimuambia kila muntu: ule njo wangu.

Basi nikaenda kwa Mukuka, mukalimani, kijana ya Sakania kama wewe, mwenye miwani.

«Unatafuta faillite ya nani, mama?»

«Ya Bwana Mashavu.»

«Hakuna muntu anaitwa Mashavu mu kabati yetu.»

«Namna gani hakuna? Cité yote inamujua! Ule Mugiriki ya mashavu!»

«Mama, hapa dossier zinalala na jina ya kweli ya muntu. Ya baba yake na ya ubatizo wake.»

Tulikuwa bantu kumi ku mustari, siye bote tulinunua kwake miaka mingi. Hakuna moya aliyejua jina yake! Moya akasema Bwana Chumvi, mungine akasema hapana, Chumvi ni ule ya mukate. Nikakimbia mpaka ku magazini. Karatasi iko pale, ilibandikwa karibu na nta. Jina ya bazungu inanishinda kusoma, nikachukua makala, nikachora herufi moya moya ku kipande ya mufuko, sawa ninachora chungu. Nikarudi na jasho. Mukuka akasoma: PANDELIS. Akafungua, dossier ikatoka! Nilijisikia sawa nilichimba shaba na mukono yangu.

Mashini yako iko ndani. Nyeusi, na mukono ya shaba, na ule kitambaa nyekundu unafungaka pale. Imeandikwa kwa jina ya nani? Ya Léonie.

Kunda. Léonie. Mama mukwe yako!

Sasa nilielewa kwa nini haya inamushika «rafiki» yako. Niambie yote.

Salamu ku Annie. Wewe bado.

Clotilde


Sakania, tarehe 22 ya mwezi ya sita 1954

Yaya yangu,

Umenishika. Basi.

Siku ya Paska, kisha kukuacha, nikapita kwa mama Léonie kabla jua haijatoka. Unajua namna yetu na yeye. Niko mukwe yake mwaka ya saba, bado hatujasalimiana uso kwa uso. Nikimuona njiani, naingia mu majani. Yeye anafunika kichwa. Jina yangu haijapita mu kinywa yake hata siku moya, na yake haijapita mu yangu. Hii niliyoandika hapa, naiandika tu.

Nikaweka mashini ku mulango, nikamuambia Wivine, ndugu mudogo ya Annie: ipeleke kwa Bwana Mashavu, gurudumu inakwama. Nikakimbia treni. Lakini Wivine alikuwa na mutihani ku masomo. Basi yeye, mama, akaiona, akaibeba ku kichwa yake mwenyewe, muzito ile, mpaka ku soko. Yeye! Kwa heshima ya mukwe! Mugiriki akamuuliza jina, akasema yake. Nilisikia kupitia Wivine, nilitaka ardhi inimeze.

Nikisema sasa aende mbele ya bazungu, aseme jina yangu na kinywa yake? Juu ya chuma ya kushona? Afadhali nikose.

Mugiriki alipanda treni, na ruhusa ya juge, kuenda kwa ndugu yake ng'ambo ya mupaka, hawezi kurudi kushuhudia. Nilimuuliza ku gare alipopita. Alilia. Mimi pia nilisema pole.

Yaya, usiende kwa mama Léonie. Nakuomba kwa magoti.

Kunda


Élisabethville, tarehe 1 ya mwezi ya saba 1954

Kunda,

Jambo kwako na kwa Annie na kwa batoto. Gérard goti yake ilipona, alicheza dansi ku ndoa ya jirani Bwalya, kesho yake ikaharibika tena. Virginie anataka kusomea ukunga. Mimi nikasema, sawa, mama ya karani na mama ya mukunga, nani atanikamata?

Nilienda kwa mama Léonie. Unikasirikie. Mimi sikuapa kitu.

Nikamukuta anapanga nyanya. Nikamueleza: tribunal, faillite, curateur, cachet. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Na mashini ikiuzwa, bwana ya mutoto yangu atafanya nini?» Akafunga kitenge, akasema: «Twende. Mashini haiko yangu, nitasema haiko yangu.» Nikafikiri, basi, imekwisha! Nilikuwa na furaha, nikamununulia mukate njiani.

Siye bantu beusi tunaingilia mulango ya nyuma. Tukangojea mpaka miguu ikavimba. Kisha curateur akaita, eko mwembamba, na kikohozi. Mukuka anatafsiri, mwingine anapiga mashini ya kuandika. Mimi nilisimama pembeni. Nakuandikia neno kwa neno, sikuongeza.

«Mama, hii mashini iko yako?»

«Apana.»

«Iko ya nani?»

«Ya bwana ya Annie.»

«Annie ni nani?»

«Mutoto yangu.»

«Bwana yake anaitwa nani?»

«Anaitwa.»

«Anaitwa nani, mama?»

Akaangalia miguu yake.

«Mama, jina.»

«Ule anafanyaka treni ku Sakania... hapana, anashonaka... Bwana yangu, uulize mutoto yangu.»

«Mutoto yako hakuleta mashini. Wewe njo ulileta. Jina.»

«Unataka nife?»

Nikashindwa kuvumilia, nikafungua kinywa: «Anaitwa K—» Curateur akapiga meza! Mukuka akasema: «Mama Adalbert, toka inje. Sheria inakataza kumulisha shahidi maneno. Jina itoke kwake mwenyewe, ama haitoki.» Nikatoka. Mimi, mama ya karani, inje, sawa mbwa!

Mukuka alimueleza muzungu mambo ya bukwe. Muzungu akakohoa, akasema anaheshimu, lakini karatasi inasema Léonie na yeye hajui kuandika jina ya mungine. Akisema «haiko yangu» na hasemi ya nani, basi ni ya magazini, itauzwa. Anaweza kurudi mpaka tarehe 15, saa sita. Nilitaka kukuita ukuye, akuonyeshe kwa kidole tu, lakini mama Léonie aliposikia alijifunika kichwa yote: kukuangalia ni kubaya zaidi kuliko kukuita.

Tukarudi. Ku kona ya njia akaniambia: «Kama tungemuingiza mukwe, ningesema jina yake mara mia.»

Kunda, kwa nini hamujamuingiza mpaka leo? Mwaka saba! Si ni karamu moya tu: kukupikia chakula yote ya nyumba, sahani kwa sahani, ukae mbele yake, mule, na haya inakufa?

Nijibu mbio. Tarehe inakimbia.

Clotilde


Sakania, tarehe 8 ya mwezi ya saba 1954

Yaya,

Jambo. Unaniuliza kwa nini. Ni mimi njo nilichelewesha. Mwaka ya kwanza, sikuwa na koti. Mwaka ya pili, Annie alikuwa na mimba. Kisha mashini mupya. Kila mwaka nikasema, nikuwe fundi mukubwa kwanza, ndipo niingie kwake na uso ya kuonyesha. Sasa uso haiko.

Nisikilize vizuri. Umuache mama ya bantu. Ile siku alitoka tribunal bila kusema jina, alinichunga kuliko mashini yangu inanichunga. Bantu bengi bangesema jina ya mukwe kwa ajili ya kikombe ya sukari. Yeye alisimama mbele ya muzungu, mbele ya cachet, na hakusema. Mimi nitakumbuka mpaka nife.

Nilishaomba kazi ya kukata miti ya kuweka chini ya reli. Mukubwa ya kampi alinikubali. Ninaanza tarehe 16. Mikono yangu itazoea shoka. Kushona nitashona usiku, na sindano, kama ile shati.

Umusalimie kwa heshima yote, kupitia Wivine. Umuambie sina neno na yeye, nina shukrani tu.

Ndugu yako,
Kunda


Élisabethville, tarehe 16 ya mwezi ya saba 1954

ALISEMA! Kunda, alisema! Jina yote, ya ubatizo na ya nyumba! Weka shoka chini! Kama uliishika leo asubui, irudishe, umuambie mukubwa ya kampi kwamba mama Léonie wa Élisabethville alikukataza!

Jambo, jambo kwa bote, Annie, batoto, mukubwa ya gare, bote!

Sikia namna ilivyokuwa. Barua yako ilifika tarehe 13. Ulisema umuache. Sikumuacha. Nilichukua barua, nikaenda, nikamusomea yote, pole-pole, kidole ku mustari, unajua mimi sisomi mbio. Nilipofika ku «shoka», alisimama. Akasema: «Kukata miti? Na vidole yake ile ya kushona? Na Annie atakula nini, maganda?» Nikasoma mpaka mwisho. Akasema: «Soma tena pale anasema ninamuchunga.» Nikasoma tena. Akasema: «Kijana mupumbavu.» Lakini macho yake ilikuwa na maji.

Tarehe 15, saa nne, niko ninaenda ku soko, nikamukuta njiani, amevaa ya kanisa, kitenge mbili, viatu! Peke yake! Hakuniita, alitaka kuenda peke yake. Nikamufuata mbali kidogo, nikifanya sawa ninatafuta bitunguu.

Kule ku tribunal mustari ilikuwa murefu. Saa tano ikapita. Ni siku ya mwisho, bantu banasukumana. Mukuka akamuona, akamuita. Curateur akaangalia saa. Mimi nikabaki ku mulango, nikafunga kinywa yangu na mukono yangu mwenyewe, mbili zote.

«Mama, mashini iko ya nani?»

Mama Léonie akavuta kitenge ku kichwa. Akageuka. Akapa muzungu mugongo, akaangalia ukuta, na akasema kwa sauti kubwa sawa anaita muntu ng'ambo ya mutoni:

«Iko ya Kunda Alexis! Bwana ya Annie! Fundi ya Sakania! Gurudumu ilikwama, mimi njo nilibeba!»

Ule ya mashini ya kuandika akainua vidole.

Curateur akauliza: kwa nini anaangalia ukuta? Mukuka, Mungu amubariki, akajibu bila kukunja uso: «Ni namna ya kuheshimu tribunal, Maître.»

Kisha ule ya mashini ya kuandika akasema hakushika vizuri, arudie. Mama Léonie, bado anaangalia ukuta: «Nilishakufa mara moya, munataka nife mara mbili?» Kila muntu akacheka, muzungu akakohoa na kucheka pamoja. Akarudia! Pole-pole, sawa anafundisha mutoto: Kun-da. A-le-xis.

Cachet ikapiga: PA! Ilikuwa bado robo saa kabla ya sita. Nilitaka kubusu ile meza.

Nilipotoka nikamuona Adalbert ku chumba ya upande, amesimama na kalamu mu mukono, haiandiki. Amevaa shati yako. Hakugusa dossier, hakusema neno, lakini mutoto yangu alikuwa anatabasamu mpaka masikio. Wivine alifika anakimbia, akamushika mama yake mukono, wakaanza kulia na kucheka.

Curateur alifungua magazini leo asubui, akavunja nta, akatupatia mashini mbele ya bashahidi. Gérard aliibeba, goti au hakuna goti. Iko hapa mu nyumba yangu, nimeipangusa, gurudumu inazunguka. Mugiriki alikuwa ameshaitengeneza kabla yeye hajaanguka! Hakuwa muntu mubaya.

Sasa sikia neno kubwa, hili njo linafanya nakuandikia mbio. Jana, tukirudi toka tribunal, mama Léonie akasimama katikati ya njia, akasema mbele ya mimi na Wivine na majirani:

«Jina ya mukwe yangu imetoka inje. Haiwezi kukaa inje sawa kuku bila nyumba. Tutamuingiza. Na asiniletee habari ya koti. Aje na ile anavaa.»

Kesho yake, maana yake leo, akanituma kwako. Wivine ataleta munkoyo ya kunywa. Mimi nitaleta kuku mbili, hapana ya madoadoa. Mama Léonie alishaanza kuhesabu: bukari, sombe ya majani ya mihogo, badudu finkubala, samaki ya kukausha, maboga, maharagi, nyama ya mbuzi, kila sahani peke yake, na wewe utaonja yote mbele yake, hata kama tumbo yako inapasuka. Adalbert aliomba ruhusa. Virginie anashona maua. Mukuka anakuja, anasema hataki kukosa kusikia mama Léonie akiita jina yako bila ukuta. Gérard anauliza tumbako.

Kamata treni ya siku ya posho usiku, tarehe 14 ya mwezi ya munane, wewe na Annie na batoto bote, na ule muzee ya ndoano, na muntu yote ya Sakania yenye ana mudomo ya kula. Chukua mahali pa kulala kwangu, kwa Wivine, kwa majirani, nilishasema nao. Mashini itakuwa ku meza, unashona mbele ya bantu kama unataka. Usiseme hautafika, usiseme koti. Siku ya Mungu, tarehe 15 ya mwezi ya munane, siku ya Assomption, kisha misa ya kwanza, bote mukuye.

Yaya yako,
Clotilde